Mtafiti Kwanza, Mashine Baadaye

Mkulima wa Kiegei, katika wilaya ya Nachingwea, akimaliza kuokota korosho zake huzianika, huzipeleka kwenye chama chake cha msingi, zikapimwa, zikatiwa ghalani, na siku ya mnada wa RUNALI, chama kikuu kinachowaunganisha wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, zikapata mnunuzi. Toka hapo hupakiwa malori kwenda bandarini Mtwara, na kutoka bandarini huvuka bahari kwenda Vietnam na India. Huko ndiko hubanguliwa. Sehemu iliyo kubwa ya korosho za nchi hii hufanya safari hiyo zikiwa ndani ya maganda yake.

Yafaa tulitazame jambo hili kama mtu atazamavyo mali yake mwenyewe. Katika kilo 100 za korosho ghafi, kiini kinacholiwa hakizidi sana kilo 25. Iliyobaki, karibu yote, ni ganda. Maana yake ni kwamba meli inayoondoka Mtwara imebeba maganda mengi kuliko chakula, na nauli ya maganda hayo mwisho wake hukatwa katika bei ya mkulima, kwa kuwa hatujamwona bado mfanyabiashara anayelipa nauli ya ganda kwa mfuko wake. Tena ndani ya ganda hilo kuna mafuta meusi, makali, yale yale yanayobabua mikono ya mama zetu wanaobangua nyumbani. Mafuta hayo huko nje hutengenezewa breki za magari, rangi na vanishi. Sisi twayatoa bure pamoja na korosho, halafu twanunua breki.

Ukiuliza kwa nini mambo ni hivyo, wengi watakujibu upesi kwamba hatuna viwanda. Jibu hilo ni rahisi mno. Viwanda tulijengewa, tena kimoja kilijengwa hapo hapo Nachingwea, na tutavieleza habari zake. Twaamini kilichokosekana ni mtu wa kukaa karibu na kiwanda, aliyeajiriwa na Serikali ya wananchi, mwenye maabara na karakana yake, ambaye kazi yake ni kuuliza maswali kabla fedha hazijatumika, na kuendelea kuuliza baada ya mashine kuanza kulegea. Mtu huyo ni mtafiti, na twaandika leo kumdai.

Ndugu zetu wa Nachingwea wana haki kuliko watu wote kudai hivyo, kwa sababu nchi yao imekwisha kuchezewa kwa ajili ya kukosa utafiti. Wazee wanayo habari ya karanga. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Waingereza walikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Mwaka 1946 ujumbe wa Bwana John Wakefield, aliyewahi kuwa mkuu wa idara ya kilimo katika Tanganyika, ukazunguka kwa majuma machache, sehemu kubwa ya nchi ukiitazama kutoka angani, ukarudi London na mpango wa kulima eka zaidi ya milioni 3 za karanga. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Vifaru vya vita vikageuzwa matrekta. Reli ikajengwa toka pwani ya Lindi kuingia bara, na bandari ya maji marefu ikachimbwa Mtwara kwa ajili ya shehena ambayo haikuja. Udongo wa Kongwa ukakauka ukawa kama tofali. Mvua hazikunyesha kama zilivyoandikwa kwenye karatasi. Na mwanzoni mwa mwaka 1951 Serikali ya Uingereza ikaufuta mpango wote, ikiwa imepoteza paundi zipatazo milioni 36. Reli nayo ilifungwa katika miaka ya mwanzo ya 1960 ikang'olewa. (Shamba moja kati ya hayo, lile Namba 17, baadaye lilipata wageni wenye kazi ya maana zaidi: wapiganaji wa FRELIMO walikuwa na kambi yao hapo.)

Kosa la wakoloni katika mpango ule lilikuwa ni kupima baada ya kulima. Fedha hazikuwapungukia, wala mashine, wala wahandisi. Watafiti wao waliletwa, wengine watu hodari kabisa, lakini waliletwa matrekta yakiwa yamekwisha kuingia porini, wakawa kama mganga aliyeitwa mazikoni. Na ni jambo la kufikirisha kwamba katika hasara ile yote, kitu kilichobaki na manufaa Nachingwea kilikuwa ni kile kidogo kabisa, yaani kituo cha utafiti wa mazao. Kazi ya kituo hicho baadaye ilihamia Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara. Mamilioni ya paundi yalipotea. Vijishamba vya majaribio vikaacha mbegu.

Sasa tuje kwenye viwanda vyetu wenyewe, maana haifai kuwacheka wengine tu.

Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho tani zipatazo 145,000. Ilikuwa ni fahari ya kusini. Serikali ikaona, na iliona sawa, kwamba nchi huru haiwezi kuendelea kupeleka korosho India zikabanguliwe. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia viwanda vikajengwa, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 vilikuwa 12, vyenye uwezo wa kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Vilisambazwa Dar es Salaam, Kibaha, Mtwara, Lindi, Mtama, Newala, Masasi, Tunduru na Nachingwea. Mashine zilitoka Italia na Japani. Nyingine huichemsha korosho katika mafuta ya ganda lake, kisha huirusha kwa nguvu kwenye bamba la chuma ipasuke. Nyingine hulikata ganda kwa visu. Zote ni kazi ya mafundi wenye akili.

Lakini mashine yenye akili huhitaji korosho zinazolingana na akili yake. Mikorosho yetu wakati ule ilikuwa imeota kwa mbegu za kila namna, na korosho zake zilikuwa kubwa, ndogo, nene na nyembamba katika gunia moja. Kisu kilichopimwa kwa korosho ya wastani hukata kiini cha iliyo kubwa, na ndogo hupita bila kuguswa. Kiini kikivunjika bei huanguka, kwa sababu soko la dunia hulipa vizuri kiini kizima na hulipa kidogo vipande. Mwanamke wa Kerala akikaa na mbao yake na kigongo chake alitoa viini vizima vingi kuliko mtambo wa mamilioni. Tena vipuri vilikuwa vya kuagiza, na fedha za kigeni katika miaka ile ya 1980 zilikuwa adimu kama mvua ya Septemba.

Hatusemi kwamba mashine peke yake ndiyo iliyoviua viwanda vile. Korosho zenyewe zilikwisha kutoweka. Watu walihamishiwa katika vijiji wakaacha mikorosho nyuma porini. Bei aliyolipwa mkulima ilikuwa haimpi moyo wa kwenda kuipalilia. Kisha ukaja ugonjwa. Msimu wa 1986/87 mavuno yalianguka yakawa tani 17,000 hivi kwa nchi nzima. Viwanda 12 vilivyojengwa kumeza tani zaidi ya 100,000 vilikuwa vinagombania kiasi hicho, na hata hicho hakikufika vyote. Kimoja baada ya kingine vikafunga milango. Viliposhushwa kwa wenye mitaji, vingi vikageuzwa maghala ya kuwekea korosho ghafi zinazongoja meli. Ghala ambalo zamani lilikuwa kiwanda ni kitu cha kusikitisha kukitazama.

Hapa ndipo twataka wasomaji waangalie mwaka mmoja, 1979, kwa sababu ndani ya mwaka huo yalitokea mambo mawili.

La kwanza, ugonjwa wa ubwiri unga ulitambuliwa katika mikorosho ya nchi hii. Ni ule ukungu mweupe, kama mtu amenyunyiza unga juu ya maua, ambao huyanyausha kabla hayajafunga tunda. Kazi ya kuupiga vita iliangukia Naliendele. Watafiti hawakukaa ofisini. Walijaribu unga wa salfa katika mashamba ya wakulima, wakajua upulizwe wakati gani na kwa kiasi gani. Wakatafuta miti michache ambayo ugonjwa uliipitia bila kuiangusha, wakaizalisha kwa kubebesha, na chini ya uongozi wa watu kama Dakta Peter Masawe wakatoa aina mpya zaidi ya 50 za mikorosho. Kazi hiyo ilichukua miaka mingi na haikupigiwa ngoma. Lakini katika msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000, maradufu ya ile fahari ya 1973/74. Walima walilima, ni kweli, na bei ilikuwa nzuri; hata hivyo hakuna bei inayozaa korosho juu ya ua lililokufa.

La pili, mwaka huo huo wa 1979 Bunge lilipitisha sheria namba 5 iliyounda Shirika la Utafiti na Maendeleo ya Viwanda, linalojulikana kwa jina la TIRDO, makao yake Msasani, Dar es Salaam. Kazi yake kwa sheria ni kufanya utafiti unaotumika viwandani, kuvisaidia viwanda kwa utaalamu, na kutafuta njia za kutumia malighafi ya nchi hii. Shirika hili halikulala. Wataalamu wake hupima viwanda vinavyopoteza umeme na mvuke, hukagua vyuma na viungo vya mitambo bila kuvivunja, huchunguza vyakula, ngozi na makaa ya mawe. Wenye viwanda wanaolijua hulisifu. Lakini halikupewa viwanda vya korosho kama Naliendele ilivyopewa mkorosho, yaani kuambiwa: hiki ni mzigo wako, ukifa utaulizwa wewe.

Tofauti ya mikasa hii miwili ni fundisho zima. Mti ulikuwa na mtafiti wake, akauguza ukapona. Kiwanda hakikuwa na mtafiti wake, kikafa, na mti ulipopona ukakuta hakuna wa kubangua matunda yake.

Jambo hilo lilituumbua mwaka 2018. Msimu ule wanunuzi walitoa bei ambayo wakulima waliikataa, na mwezi wa Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaingia kazi ya kuzisomba. Ikasemwa zibanguliwe hapa nchini. Neno lilikuwa zuri. Lakini viwanda vilivyokuwa vikifanya kazi havikuwa na kinywa cha kumeza mavuno yale. Miezi ikapita korosho zimo maghalani, na mwishowe zikatafutiwa wanunuzi wakiwa ni wale wale wa korosho ghafi. Uamuzi wa kisiasa uliweza kumfukuza mnunuzi mbaya kwa siku moja. Haukuweza kuzaa mashine ya kubangua kwa siku moja, wala kwa mwaka mmoja.

Wengine wamefanyaje? Tuanze na India, maana ndiko korosho zetu ziendako. Mwaka 1950 India, ikiwa na uhuru wa miaka mitatu tu, ilifungua katika mji wa Mysore taasisi ya Serikali ya utafiti wa vyakula. Wakati ule maziwa ya makopo ya watoto wachanga yalitoka Ulaya, na nchi ile maziwa yake mengi ni ya nyati wa kufugwa, ambayo mabingwa wa Ulaya walisema hayafai kwa kazi hiyo. Watafiti wa Mysore wakatafuta njia mpaka wakaipata, na waliopewa kuitumia ni chama cha ushirika cha wakulima wa Kaira, ambao bidhaa zao ni Amul. Ndugu wa vyama vya msingi, someni habari hiyo mara mbili. Mtafiti alikuwa wa Serikali, kiwanda kilikuwa cha wakulima, na faida ilirudi kijijini.

Vietnam nayo. Nchi ile ilitoka vitani mwaka 1975 ikiwa magofu. Haikuanza kwa mitambo mikubwa ya kuletewa. Mafundi wake walitengeneza mashine ndogo za kukanyagwa kwa mguu, wakajifunza kuilainisha korosho kwa mvuke badala ya kuichemsha katika mafuta, wakazirekebisha mwaka hadi mwaka mpaka wakajenga za kujiendesha zenyewe. Katika muda usiofika kizazi kimoja ikawa ya kwanza duniani kwa kuuza viini vya korosho nje, na sehemu kubwa ya korosho inazobangua hainunui kwake: hununua Afrika. Mashine inayobangua korosho ya Kiegei ilibuniwa na mtu ambaye hajapata kuiona Kiegei.

Basi twataka nini? Twataka TIRDO lishuke kusini. Lifunguliwe kituo Nachingwea, chenye karakana ya kweli na siyo ubao wa jina mlangoni, kifanye kazi bega kwa bega na Naliendele. Leo hii aina mpya za mikorosho zinatoa korosho ambazo ukubwa wake unajulikana, kwa hiyo lile tatizo la gunia lenye korosho za kila namna linaweza kupungua. Lakini ni lazima anayezalisha mti na anayechonga kisu wazungumze. Kituo hicho kipime mashine kabla chama chochote cha ushirika hakijaingia mkopo wa kuzinunua. Kitafute namna ya kukamua mafuta ya ganda na kuyauza, kwa maana wataalamu wa kemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameyachunguza mafuta hayo kwa miaka mingi na maandishi yao yanasomwa ng'ambo, huku wabanguaji wa Lindi wakiyachoma maganda kama kuni. Kiwasaidie akina mama wanaobangua kwa mashine za mkono wapate glovu na majiko ya mvuke yanayowafaa. Na kama watapata nafasi waendelee na yale ya mabibo, ambayo Naliendele imekwisha kuonyesha kwamba yanatoa maji ya kunywa na jemu. Mengi yakidondoka huoza chini ya mti, na yasiyooza huishia kwenye uraka.

Ruangwa nayo isisahaulike, kwa kuwa huko kuna madini ya kinywe, ambayo dunia inayatafuta kwa ajili ya betri za magari ya umeme, kama vile Nachingwea ilivyo na nikeli ya Ntaka. Kinywe kikichimbwa tu na kutiwa katika mifuko bei yake ni moja. Kikisafishwa mpaka kiwe karibu kaboni tupu na kusagwa kuwa chembe za mviringo za kutia katika betri, bei yake ni nyingine kabisa. Nani katika Tanzania anaujua ufundi huo kwa mikono yake? Tukingoja mpaka mchanga uwe umekwisha kupakiwa ndipo tuulize, tutakuwa tumefanya kwa kinywe kile tulichofanya kwa korosho.

Najua, kama wasemavyo wasomaji wetu katika barua, kwamba tutaulizwa fedha zitatoka wapi. Zinatoka kwa mkulima mwenyewe, na zimekuwa zikitoka siku zote. Sheria iliweka ushuru kwa korosho ghafi zinazouzwa nje, asilimia 15 ya bei ya melini au dola 160 kwa tani, ipi iliyo kubwa, na shabaha yake ilikuwa ni hiyo hiyo ya kumfanya mnunuzi aone afadhali kubangua hapa. Zamani asilimia 65 ya ushuru huo ilirudi katika kuendeleza zao, utafiti ukiwemo. Mwaka 2018 Bunge likabadili sheria, fedha zote zikaenda Mfuko Mkuu wa Serikali, na wabunge wa kusini walipiga kelele mpaka sauti zikakauka. Walikuwa na haki. Ushuru unaotozwa kwa sababu hatubangui, halafu usitumike kutufundisha kubangua, utatozwa milele.

Wako pia watakaosema nchi maskini haiwezi kulisha watafiti, tununue mashine zilizokwisha kutengenezwa. Tunawajibu kwamba tulikwisha kununua, viwanda 12, tena kwa mkopo. Aliye maskini ndiye hasa asiyeweza kununua kitu kisichomfaa. Mwaka 2006, katika mkutano wa Khartoum, nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kila moja itenge asilimia 1 ya pato lake kwa ajili ya utafiti, na Serikali yetu ilikuwa miongoni mwao. Hatuombi kitu kipya.

Tunalo na neno kwa watafiti wenyewe. Haipendezi kuona SIDO ina mashine yake, wa Arusha wa TEMDO na CAMARTEC wana zao, TIRDO lina yake, kila mmoja anaionyesha katika banda lake siku ya Sabasaba, na mkulima akipita hajui amwulize nani. Ripoti iliyoandikwa kwa Kiingereza na kufungiwa kabatini Dar es Salaam haijamfikia mtu. Wenzenu wa Naliendele walivaa mabuti wakapanda mikorosho na mkulima, na ndiyo maana jina la Naliendele linajulikana mpaka kwa watoto wa Kiegei.

Wanachama wa Nachingwea na Ruangwa, mikutano mikuu ya vyama vya msingi hufanyika kila mwaka, na katika mikutano hiyo mnayo haki ya kuandika maazimio. Andikeni mawili. La kwanza, RUNALI isiweke saini ya kununua mtambo wowote wa kubangua kabla ya kupata ripoti ya mtafiti wa Serikali aliyeujaribu kwa korosho za kwenu, na ripoti hiyo isomwe mbele yenu kwa Kiswahili. La pili, mbunge wenu aulize Bungeni ni shilingi ngapi za ushuru wa korosho zilizoenda katika utafiti wa viwanda msimu uliopita, na jibu la Waziri libandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kila chama cha msingi, kuanzia na cha Kiegei.